Kabla Hujabonyeza "Kubali": Mwongozo wa Mkopo wa Simu

Zamani ukitaka mkopo ulibeba barua ya serikali ya mtaa, ukatafuta wadhamini wawili, ukapiga picha ndogo studio na, kama kiasi ni kikubwa, ukatoa hati ya nyumba kabatini. Afisa mikopo alifika dukani, akahesabu kreti za soda, akamuuliza jirani kama kodi ya fremu unalipa kwa wakati. Jibu lilichukua wiki. Leo unabonyeza namba chache ukiwa kwenye daladala, na pesa imeingia kabla hujashuka kituoni. Hakuna aliyekuja kukukagua. Umepimwa na programu ya kompyuta ambayo haijawahi kuliona duka lako, ila imeisoma simu yako ukurasa kwa ukurasa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu na biashara ndogo, au mwenye mshahara unaokata kabla ya tarehe, anayekopa kwa simu Tanzania au Kenya au anayefikiria kuanza. Ukiumaliza utajua unavyopimwa, namna ya kupata bei halisi ya mkopo, namna ya kumkagua mkopeshaji, haki zako mashine ikikukataa au ikikukosea, na namna ya kuwakwepa matapeli ambao nao siku hizi wana mashine zao. Shika jambo moja tangu sasa: kiasi unachoonyeshwa kwenye skrini ni hesabu ya mkopeshaji kuhusu faida yake. Hesabu yako hakuna atakayekufanyia.

1. Jua unavyopimwa

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania 2008. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kutuma na kutoa tu, lakini kila muamala uliacha kumbukumbu. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa, benki ambayo sasa ni NCBA, walizigeuza kumbukumbu hizo kuwa kipimo cha mkopaji wakaanzisha M-Shwari. Mwaka 2014 Vodacom Tanzania na benki hiyohiyo wakaleta M-Pawa. Zikafuata programu za kupakua kama Tala na Branch, kisha huduma za kukuongezea pale salio lisipotosha, kama Fuliza iliyoanza Kenya 2019 na Songesha upande wa Tanzania.

Upimaji wenyewe unakwenda hivi. Mkopeshaji ana kumbukumbu za maelfu ya watu waliokopa huko nyuma: nani alilipa, nani alichelewa, nani alizima simu akapotea. Kompyuta inalishwa kumbukumbu hizo pamoja na mienendo ya simu ya kila mmoja, kisha inaachiwa itafute yenyewe dalili zinazotangulia kulipa na zinazotangulia kutolipa. Hapo ndipo akili mnemba inapoingia: hakuna mtu aliyekaa akaandika kwamba mwenye laini ya miaka mitano apewe zaidi ya mwenye laini ya miezi miwili. Mashine imeuona uhusiano huo kwenye takwimu na inautumia. Ukiomba mkopo, inakufananisha na waliokutangulia na kutoa makisio ya uwezekano wa wewe kulipa.

Mambo yanayotazamwa mara nyingi ni umri wa laini yako, unavyoweka vocha, pesa zinavyoingia (kwa mpangilio au kwa mkupuo), salio linakaa muda gani kabla ya kukauka, bili unazolipa kwa simu na, zaidi ya yote, ulivyolipa mikopo ya awali. Programu za kupakua zilikwenda mbali zaidi. Baadhi zimesoma meseji za miamala, aina ya simu, hata namna ulivyohifadhi majina ya watu kwenye simu yako.

Kutokana na upimaji wa namna hii kuna mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, mashine inaona matokeo, sababu haiijui. Mwezi uliouguza mzazi ukafunga biashara, yenyewe inaona salio sifuri na miamala imekatika. Basi.

Pili, mkopo wa kwanza ni mtihani. Unapewa kidogo ili uonekane unavyolipa, na kikomo kinapanda kadiri unavyorudisha. Aliyeghairi kulipa elfu tano kwa kuiona ndogo ameshaandika jibu la mtihani wake.

Tatu, kikomo si ushauri. Tuseme mkopeshaji anatoa laki moja kwa watu 1,000 kwa ada ya shilingi 9,000 kila mmoja, na mashine imekisia kwamba 50 hawatalipa kabisa. Hasara yake ni milioni 5. Ada za watu 950 waliobaki ni milioni 8 na laki tano na nusu. Amefidia na amebakiza. Yeye anaweza kukosea kuhusu wewe na bado akafunga mwezi na faida. Wewe huna watu wengine 950 wa kufidia kosa lako. Kwa hiyo skrini ikisema "unaweza kukopa hadi 300,000", isome hivi: kwa 300,000 biashara yao haiyumbi. Kama yako itayumba, hilo halimo kwenye hesabu yao.

2. Tafuta bei halisi

Chukua karatasi uandike namba tatu: kiasi kitakachoingia mkononi, kiasi utakachorudisha, na idadi ya siku. Kiasi kinachoitwa "mkopo" kiache pembeni, kwa kuwa mara nyingi si ulichopokea.

Mfano. Umeomba 100,000. Programu inakata ada ya 9,000 palepale, unapokea 91,000, na baada ya siku 30 unarudisha 100,000. Umelipa 9,000 kwa kutumia 91,000, yaani karibu asilimia 9.9 kwa mwezi. Sasa ada ibaki ileile, ila muda uwe siku 14. Gawa 9.9 kwa 14, zidisha kwa 30: unapata kama asilimia 21 kwa mwezi. Muda ukiwa siku 7 ni zaidi ya asilimia 42. Ada haikuongezeka hata shilingi moja. Umepunguziwa siku, na siku ndizo ulizokuwa unanunua.

Kanuni yenyewe ni fupi. Toa ulichopokea kwenye utakachorudisha. Gawa jibu kwa ulichopokea, gawa tena kwa siku, zidisha kwa 30, kisha zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya mwezi, na kwa hiyo unaweza kulinganisha programu yoyote na nyingine.

Angalia pia kama asilimia inayotangazwa ni ya mwezi au ya mwaka. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund, mfuko wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022, ulianza kwa riba ya asilimia 8. Kwa haraka mtu atadhani zinafuatana. Lakini ile 8 ni ya mwaka mzima. Ukikopa shilingi 1,000 za Kenya, ada ya asilimia 7.5 ni shilingi 75, mbali na kodi. Riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kwa siku 14 za mkopo wa Hustler Fund, ni kama shilingi 3. Tofauti ipo pia kwenye kinachokufikia: Hustler Fund hukata asilimia 5 ya kiasi ulichokopa na kukuwekea akiba, kwa hiyo usipange matumizi ya 1,000 nzima. Na ada ya asilimia 7.5 ukiilipa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima inafika asilimia 90 ya kiasi ulichokopa.

Huduma za kujaziliza salio zina hesabu yake. Kiasi ni kidogo, ada inahesabiwa kwa siku, na ndiyo maana haiumi mapema. Tuseme umepungukiwa 300 na ada ni shilingi 3 kwa siku. Hiyo ni asilimia 1 kwa siku, asilimia 30 kwa mwezi. Kwa deni la kesho asubuhi hakuna tatizo. Kwa deni linalolala wiki tatu, umenunua pesa ghali kuliko zote mtaani. Isitoshe, pesa yoyote itakayoingia kwenye laini hiyo inakatwa kwanza. Kama wateja wako wanakulipa kwenye laini hiyohiyo, mtaji wa kesho unaweza kukatwa usiku bila wewe kuulizwa.

Ukishaijua bei, uliza kama kazi ya pesa hiyo inaweza kuibeba. Chukua mama anayeuza nyanya sokoni Mabibo. Tenga analinunua 40,000, analiuza kwa mafungu na kupata 52,000 kwa siku mbili. Ushuru na guta vinakula 4,000, anabaki na faida ya 8,000. Akikopa 40,000 kwa siku 30 kwa ada ya 4,000, tenga la kwanza linailipa ada na chenji inabaki. Mwezi mzima ana nafasi ya kuzungusha mara nyingi. Mkopo huo unambeba. Lakini mama huyohuyo akichukua 40,000 ileile kununua sare za shule, hakuna tenga la kurudisha 44,000. Zitatoka kwenye mtaji uliopo, na Jumatatu atanunua nusu tenga. Mashine imempima vilevile mara zote mbili. Tofauti anaijua yeye peke yake.

Haimaanishi mikopo ya dharura ni mibaya. Utafiti wa wachumi Suri, Bharadwaj na Jack kuhusu M-Shwari, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba familia zilizostahili mkopo huo zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kukatisha matumizi zilipopatwa na jambo, kwa pointi 6.3 za asilimia. Dharura ina haki ya kukopewa. Ila taja mapema shilingi ya kulipia itatoka wapi.

Na angalia saa. Uchambuzi wa taasisi ya CGAP kuhusu mikopo ya simu Tanzania ulibaini kwamba waliokopa usiku wa manane walishindwa kulipa zaidi kuliko waliokopa saa za kazi. Utafiti wake mwingine, wa 2018, ulikuta karibu theluthi moja ya wakopaji wa simu Tanzania waliwahi kushindwa kulipa, na asilimia 12 Kenya. Saa nane za usiku, isipokuwa kuna mgonjwa, hakuna mkopo usioweza kungoja kupambazuke.

Kabla hujakubali, linganisha na milango mingine. Kwenye kikoba au chama, riba inarudi kwenu mnapogawana mwisho wa mzunguko. SACCOS ni ya polepole lakini muda wake wa kurejesha ni wa miezi. Tanzania kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo yote inataka subira na kikundi. Simu inauza haraka, na haraka hiyo imo kwenye bei.

3. Mkague mkopeshaji kabla hajakukagua

Anza na leseni. Tanzania, wakopeshaji wa kidijitali wasio benki wanaingia kwenye daraja la pili la watoa huduma ndogo za fedha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Agosti 2024 Benki Kuu (BoT) iliwatolea mwongozo maalumu. Novemba mwaka huohuo BoT ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya, Benki Kuu (CBK) ilipewa mamlaka juu yao Desemba 2021, na kanuni zikatoka Machi 2022. Benki zote mbili huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti zao. Tafuta jina la kampuni, maana jina la programu ni rahisi kubadilishwa: iliyofungiwa leo inaweza kurudi kesho na nembo mpya.

Kwa wakopeshaji wa daraja la pili Tanzania, BoT imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiona riba inatangazwa ndogo lakini pembeni kuna "ada ya huduma", "ada ya tathmini" na "bima", jumlisha vyote. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kinyonyaji, haikuondoka mtaani. Mingine imehamia Play Store.

Kisha tazama ruhusa inazoomba programu. Tangu 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lake kuchukua orodha ya majina na picha za mteja. Programu inayoomba vitu hivyo imevunja sharti, au umeipakua nje ya duka kupitia kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp. Majina yako ndiyo silaha yao ya kudai. Ukichelewa siku moja, mjomba, mchungaji na bosi wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mwizi. Kama umeshatoa ruhusa, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uizime. Kumbuka kuizima hakufuti walichokwisha kunakili.

Dalili nyingine ni malipo ya kutangulia. Mkopeshaji halali anaweza kukata ada kwenye mkopo anaokupa. Anayekuambia utume kwanza 15,000 ya "usajili" au "kufungua mkopo" hana mkopo wowote.

Mwisho, soma masharti ya sehemu tatu tu kama huna muda wa yote: nini kinatokea ukichelewa, taarifa zako watampa nani, na kama wana ruhusa ya kukata pesa kwenye laini yako bila kukujulisha. Piga picha skrini ya masharti hayo siku unayokopa. Yakibadilika kesho, utakuwa na ya jana.

4. Jenga rekodi yako mchana, kabla ya shida

Alama zako hazijengwi siku unayoomba. Zinajengwa miezi iliyopita, kwa mambo ya kawaida kabisa.

Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Wengi wanatembea na laini ya shemeji. Mapato yao yote yanamjengea shemeji jina. Tanzania piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe. Tenganisha biashara na nyumba: pokea mauzo kwa lipa namba au till, matumizi ya familia yabaki kwenye laini ya kawaida. Hapo mashine inaona biashara inayopumua, na wewe mwenyewe unaona mauzo ya mwezi bila kubahatisha. Mauzo ya fedha taslimu mashine haiyaoni kabisa, kwa hiyo kama gharama inaruhusu, sehemu yake ipitishe kwenye simu.

Lipa siku moja kabla. Ukisubiri usiku wa mwisho mtandao ukagoma, mashine haitaandika kwamba mtandao uligoma. Usitawanye mikopo midogo kwenye programu tano, maana kila mkopeshaji anayeangalia kumbukumbu za mikopo anaona mtu anayehangaika. Na usihangaike kuzungusha laki moja kati ya laini zako mbili ili uonekane tajiri. Makato unayalipa wewe, na mzunguko usio na biashara nyuma yake unaonekana kama ulivyo.

Mara moja kwa mwaka agiza ripoti yako ya mikopo. Kenya kuna taasisi tatu za taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya nakala moja bure kila mwaka. Tangu 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 halistahili kukuingiza kwenye orodha ya wasiolipa. Tanzania, Creditinfo ni mojawapo ya taasisi zenye leseni ya BoT. Ukikuta deni ulilolimaliza bado linasoma, mpe mkopeshaji uthibitisho wa malipo, na nakala uipeleke kwa taasisi yenyewe.

5. Mashine ikikukataa au ikikukosea

Kukataliwa na mashine kunaumiza kwa namna yake, kwa kuwa hakuna uso wa kuuliza. Lakini sheria zimekupa mlango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, katika kifungu cha 35, inakupa haki ya kutokuhukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi unaokugusa kwa uzito, na haki ya kuomba uangaliwe upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa maamuzi ya kiotomatiki na inakupa haki ya kuona na kusahihisha taarifa zako.

Haki isiyoombwa haitembei. Andika hivi kwa barua pepe au kwenye ukurasa wa huduma kwa wateja:

"Mimi ni mteja wenu mwenye namba ya simu (andika). Tarehe (andika) niliomba mkopo wa shilingi (andika) nikakataliwa. Naomba kujulishwa taarifa zangu zipi zilitumika na mlizipata wapi, na kama uamuzi ulifanywa na mfumo bila mtu kuhusika. Naomba ombi langu lipitiwe upya na mtumishi wenu, na taarifa yoyote isiyo sahihi irekebishwe. Nasubiri jibu kwa maandishi."

Ukijibiwa na roboti ya mazungumzo, andika "nataka kuzungumza na mtu", na hifadhi namba ya malalamiko. Usipojibiwa, Kenya nenda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data; Tanzania nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa suala la riba na leseni, mlango ni Benki Kuu.

Udhalilishaji wa kudai deni nao una dawa. Kanuni za CBK za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza kampuni inayomiliki programu za KeCredit na Faircash faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia meseji za vitisho. Faini haikuja yenyewe. Kuna watu walihifadhi meseji wakalalamika. Fanya kama wao: usifute, piga picha skrini, andika tarehe na saa, na waombe waliopigiwa wahifadhi pia.

6. Deni likikushika

Usikope programu ya pili kulipa ya kwanza. Hapo ndipo wengi huzama. Chukua karatasi uorodheshe kila deni, kiasi, tarehe na adhabu. Lipa kwanza linalotoza kwa siku, kisha lenye adhabu kubwa. Wapigie wengine kabla ya tarehe kufika, waeleze unaweza kulipa kiasi gani na lini, na uombe jibu kwa meseji. Mkopeshaji anapenda anayempigia kuliko anayezima simu, kwa sababu huyo wa pili mashine yake imeshamweka kwenye hesabu ya hasara. Ukilipa nusu, hakikisha salio limesomeka. Ukimaliza, omba uthibitisho kwamba deni limefungwa.

7. Mashine za wezi

Benki na kampuni za simu hutumia mashine hizihizi kukulinda. Muamala usiofanana na mazoea yako, kwa mfano pesa nyingi saa tisa usiku kwenda namba ngeni, unaweza kusimamishwa. Usikasirike ukiulizwa maswali.

Tatizo ni kwamba wezi nao wameboreka. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" uliizoea kwa makosa yake ya herufi. Sasa akili mnemba inawaandikia Kiswahili kilichonyooka, na inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sauti fupi aliyoiweka mtandaoni. Ukipigiwa na "mwanao" anayelia kwamba ameshikwa, kata, kisha umpigie wewe kwenye namba unayoijua. Wekeni neno la siri la familia, msiliandike popote.

Namba ya siri haiombwi na mtumishi yeyote wa kampuni yoyote, wala tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa meseji. Mtandao ukikatika ghafla kwenye simu yako huku wa jirani uko sawa, huenda kuna mtu ameomba laini mpya yenye namba yako. Azima simu upige huduma kwa wateja papo hapo. Ukipokea meseji ya pesa "iliyotumwa kimakosa", angalia salio lako kwanza, kisha mwambie aliyetuma aombe kurudishiwa kupitia mtandao wake. Wewe usitume kitu. Kwa M-Pesa ya Kenya, ukikosea kutuma, peleka meseji ya muamala kwenda 456. Ripoti za utapeli huenda 333. Tanzania, namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Anza na haya wiki hii

Leo, piga *106#. Kesho, fungua mipangilio ya simu uzime ruhusa za programu za mikopo usizozitumia, kisha uzifute baada ya kuhakikisha hudaiwi. Keshokutwa, kaa na madeni yako yote uyapigie ile hesabu ya asilimia ya mwezi. Huenda ukagundua dogo kuliko yote ndilo ghali kuliko yote. Kabla wiki haijaisha, agiza ripoti yako ya mikopo. Na siku utakayofungua tena skrini ya mkopo, andika kwanza tarehe na chanzo cha pesa ya kulipia: mauzo ya tenga fulani, mshahara wa tarehe fulani, zamu yako ya kikoba. Ukiweza kukiandika, kopa kiasi ambacho chanzo hicho kinaweza kulipa tu, hata kama kikomo chako ni mara tatu yake. Ukikosa cha kuandika, usikope.